Jua Halijakunywa Maji Yako. Bwawa Lako Linavuja.

Wacha niseme hii kitu moja kwa moja, na najua kuna watu watanuna. Nimezunguka na kamera kwenye mabwawa ya watu Bahati, Subukia, Njoro, Rongai mpaka Gilgil. Mwezi wa pili ukifika unakuta shimo kubwa, tope limepasuka chini, na mwenye shamba amesimama kando mikono kiunoni. Nauliza: maji yalienda wapi? Jibu ni lile lile kila mahali. "Jua limekunywa."

Mimi nimechoka na hiyo sentensi. Mtu amechukua mkopo wa chama, ameleta tingatinga, amenunua laina ya plastiki, amepanda sukumawiki na nyanya akitegemea hayo maji, halafu yanaisha kabla nyanya hazijaiva. Anakubali tu. Anasema ni jua. Huwezi kulipeleka jua kwa chifu, huwezi kuliambia lirudishe pesa. Kwa hivyo linalaumiwa, na kesho yake mtu yule yule anatafuta mkopo mwingine wa laina mpya.

Madai yangu ni haya, na nitayatetea mpaka mwisho: tukisema bwawa limekauka, mara nyingi halijakauka. Limevuja. Na sisi hatujui kwa sababu hakuna mtu amepima. Si mwenye bwawa, si fundi, si mheshimiwa aliyekuja kukata utepe, na si sisi wa kontenti tuliokuja kurusha droni.

Tupige hesabu ya jua kwanza

Jua linakunywa maji, hiyo sikatai. Linakunywa kiasi gani ndio swali.

Huku kwetu Bonde la Ufa, maji yaliyo wazi, kama bwawa au ziwa, yanapoteza kwa jua na upepo karibu milimita tano kwa siku. Siku kali ya Februari yenye upepo, weka sita au saba. Milimita tano ni chini ya nusu ya upana wa kidole chako kidogo. Kwa mwezi ni kama sentimita 15. Kwa Desemba, Januari na Februari zote, kwa wastani huo, ni sentimita 45. Hata ukiweka milimita saba kila siku bila huruma, hufikishi sentimita 65.

Sasa niambie wewe. Bwawa lako lina kina cha mita mbili na nusu. Lilijaa mvua za mwisho wa mwaka. Hata hujaanza kunyunyizia vizuri. Na Februari iko tope. Jua limetoa wapi mdomo wa kunywa mita mbili?

Na si kwamba jua la Bahati ni tofauti na la Lanet. Kuna mabwawa mawili nimeyaona yamepakana, ua tu katikati, moja lina maji ya kutosha bata kuogelea, lingine limebaki na vyura wawili. Jua ni moja. Upepo ni mmoja. Kilicho tofauti kiko chini ya maji, mahali macho yako hayafiki.

Hii haihusu mkulima peke yake. Hata kale kabwawa ka samaki wa urembo umejenga kwenye bustani yako, unakaongezea maji ya mfereji kila Jumamosi ukisema "jua la wiki hii, wee!", ni hesabu ile ile. Kakishuka zaidi ya vidole viwili kwa siku tatu na hakajaguswa, wacha kulaumu mbingu.

Ndoo moja, alama mbili

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Kunahitaji ndoo.

Chukua ndoo, ile ya lita 20 ni sawa. Tafuta mahali pa kina kifupi kando ya bwawa, weka jiwe bapa au tofali chini (kama kuna laina, weka gunia kwanza usiitoboe). Simamisha ndoo hapo juu, mdomo uko nje ya maji lakini sehemu kubwa ya ndoo imezama. Jaza ndoo kwa maji ya bwawa lenyewe mpaka kiwango cha ndani kilingane na kiwango cha nje. Tia jiwe ndani isielee. Kisha piga alama mbili: moja ndani ya ndoo mahali maji yamefika, nyingine nje ya ndoo mahali maji ya bwawa yamefika. Tumia kalamu isiyofutika na maji, au kwaruza na msumari.

Zima pampu. Usinyunyizie. Ng'ombe na mbuzi wanyweshwe kwingine. Chagua siku ambazo hakuna mvua, kwa sababu mvua inaleta maji ya mteremko kwenye bwawa lakini haileti kwenye ndoo. Acha saa 24. Ukiweza, acha siku tatu, jibu litakuwa safi zaidi.

Rudi na rula ya mtoto wa shule. Maji ya ndani ya ndoo yamepunguzwa na jua na upepo peke yake, hayana pa kuvujia. Maji ya nje yamepunguzwa na jua, upepo, na chochote kingine. Zikilingana, ni jua, nenda ukalale. Ya nje ikishuka kuliko ya ndani, tofauti hiyo ndiyo inayovuja. Basi. Hakuna fumbo.

Nilifanya hivi kwa shosho yangu huko Bahati. Bwawa lake ni la mita 10 kwa 12 hivi. Kulikuwa kumekuja jamaa wa kuuza laina akamwambia hii yako imezeeka, nunua mpya, akamwandikia bei ambayo ingemmalizia pesa za viazi za msimu mzima. Alikuwa karibu kukubali. Nikamwambia, "Shosho, nipe siku moja na ndoo."

Akacheka. "Mjukuu wangu, hili jua unaliona na macho yako, unataka kulipima na ndoo?"

"Ndiyo, shosho. Linapiga ndoo, linapiga bwawa. Tuone nani ataumia zaidi."

Kesho yake ndoo ilikuwa imeshuka milimita 5. Bwawa, milimita 29. Tofauti 24. Zidisha na eneo la bwawa, unapata kama lita 2,880. Gawanya kwa mtungi wa lita 20: mitungi 144. Kwa siku moja. Shosho alinyamaza kidogo halafu akauliza swali ambalo ningependa kila mtu aulize: "Kwa hivyo nimekuwa nikimwagilia shamba la nani?"

Tundu lilikuwa mahali paipu ya kutolea maji inapita kwenye laina. Pale pameshikwa na kamba ya mpira iliyokuwa imelegea. Fundi alikuja na vifaa vyake, akachukua 1,500, akamaliza kabla ya chai ya saa nne. Laina "iliyozeeka" bado iko pale.

Kuna watu huniuliza, wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatufundisha nini mambo ya maji? Niliacha kwa sababu karo ilikuwa haipatikani, sio siri. Lakini ndoo haiulizi digrii. Rula haiulizi digrii. Kama una digrii na hujapima, na mimi sina na nimepima, kwa bwawa hili mimi ndiye ninayejua.

Ardhi yetu haishiki maji, na hakuna anayekuambia

Jina Nakuru lenyewe, wazee husema linatoka kwa Wamaasai, mahali pa vumbi. Hilo vumbi si vumbi tu. Ni majivu ya volkeno. Tumekaa kwenye mteremko wa Menengai, Longonot iko pale, Eburru iko pale, na ardhi yetu nyingi ni majivu na yale mawe mepesi yenye matundu matundu ambayo ukiyatupa majini yanaelea. Chimba shimo Lanet au Gilgil, mwaga maji, hesabu. Yanazama kama kwenye sufi.

Juu ya hapo tuko kwenye Bonde la Ufa. Neno ni ufa, bana, wameshakuambia kwa jina. Machi 2018 nchi nzima iliona picha za ule ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Hapa Nakuru mjini, watu wa Kaptembwo na Rhonda wanajua ardhi kutitia si habari mpya. Sasa wewe unachimba bwawa kwenye ardhi kama hiyo, unaliacha wazi bila chochote, halafu unashangaa.

Unataka ushahidi mkubwa zaidi? Ziwa Naivasha. Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka, na maji yake ni ya magadi. Naivasha pia halina mto unaotoka, lakini maji yake ni matamu, ng'ombe wanakunywa, maua yanamwagiliwa. Kwa nini? Kwa sababu Naivasha linavuja. Maji yanatoka chini kwa chini, mengine kuelekea kusini, mengine kaskazini upande wa Elementaita, na yanabeba chumvi nayo. Kama lingekuwa linapoteza maji kwa jua peke yake, chumvi ingebaki na kuongezeka mwaka baada ya mwaka. Ziwa zima linavuja, watu wamejua kwa miaka mingi, na wewe bado unaniambia kashimo kako ka mita kumi hakawezi kuvuja?

Halafu kuna lile kosa la tingatinga. Bwawa la zamani lisilo na laina linaziba lenyewe polepole. Tope laini linatua chini kila mvua, linajaza vile vitundu, mwishowe linashika. Miaka kumi baadaye limejaa tope, watu wanalalamika, inaletwa mashine ya kulichimbua. Anayeendesha analipwa kwa saa au kwa mita, hajali, anachota tope lote mpaka anafika kwenye majivu yenyewe. Picha zinapigwa, bwawa ni kubwa, safi, limepanuliwa. Mvua inakuja, linajaa, na kwa wiki chache limeisha. Watu wanasema laana. Hakuna laana. Mmeondoa kizibo.

Nani anafaidika na "jua limekunywa"?

Hapa ndipo watu watanuna, lakini twende.

Wa kwanza ni wauzaji wa laina. Sio wote, kuna waaminifu, lakini biashara ya mtu inakua wapi: kwa kuziba tundu la sentimita moja au kwa kukuuzia plastiki mpya ya mita 300 za mraba? Na kama hamjajua tundu lilitoka wapi, ile mpya itatoboka pale pale. Jiwe lililotoboa ya kwanza bado liko chini, linangojea ya pili.

Wa pili ni wanasiasa na miradi. Mnakumbuka mabwawa ya samaki ya mpango wa kufufua uchumi wa mwaka 2009? Mabwawa 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140. Hiyo ni mabwawa 28,000. Kila moja mita 300 za mraba. Wazo halikuwa baya, mimi sitalitukana. Watu wengine walijifunza kufuga samaki kwa sababu ya mpango huo na mpaka leo wanafuga. Lakini mengi yaliachwa. Sababu ni kadhaa: chakula cha samaki ghali, soko, na moja ni maji kutokukaa. Leo ukipita vijijini unaona shimo la mstatili limeota nyasi, mbuzi wamefungwa ndani. Na tumejifunza nini? Tunaendelea kuhesabu mabwawa yaliyochimbwa. Kila hotuba ni idadi: tumechimba haya, tutachimba haya. Siku moja tu nataka kusikia mheshimiwa akisema: haya ndiyo mabwawa yaliyokuwa bado na maji mwezi wa pili.

Wa tatu ni sisi. Ndiyo, sisi watu wa video. Umeona zile za "Nimetengeneza laki tatu kwa bwawa moja la samaki"? Droni inapanda, maji ni ya buluu, muziki unapiga, kijana ameshika samaki. Hizo video hurekodiwa Mei na Novemba. Hakuna anayerudi Februari na kamera. Bwawa lililojaa lina watazamaji, bwawa lililovuja halina. Kijana mwenzangu ameona, ameuza pikipiki, amechimba. Maji yakiisha hatatafuta aliyemdanganya, ataambiwa tu, pole, ni jua.

Hawa wote watatu wanakubaliana kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haimgharimu yeyote kati yao kitu. Anayelipa ni mama aliyekuwa na nyanya.

Tundu linatafutwa, haliotwi

Umepima, umejua linavuja. Usikimbie dukani. Tafuta kwa mpangilio.

Anza nje, si ndani. Zunguka upande wa chini wa bwawa asubuhi kabla jua halijakauka umande. Nyasi za kijani mahali ambapo kwingine kote ni kavu, mahali panapolowesha kiatu, pale ndipo maji yanatokea. Angalia mashimo ya fuko kwenye tuta. Fuko wa huku kwetu hawaogopi mtu, watachimba tuta lako mpaka liwe chujio. Angalia miti iliyoota juu ya tuta, hasa mikaratusi: mizizi inapita ndani, ukiukata mti mizizi inaoza na kubaki bomba.

Halafu angalia ukingo. Kwa bwawa la laina, mara nyingine hakuna tundu lolote: ukingo umeshuka upande mmoja na maji yanamwagikia pale kimyakimya, au nyasi na gunia lililolala ukingoni linanyonya maji kwenda nje kama utambi wa taa. Hili linarekebishwa na jembe, bila senti.

Kisha angalia paipu. Kila mahali kitu kinapita kwenye laina ni mlango. Paipu, ngazi, kigingi. Na pale ng'ombe hushukia kunywa. Kwato na plastiki hazijawahi kuwa marafiki.

Kama bado, fanya kitu ambacho watu hawana uvumilivu nacho: acha maji yashuke yenyewe. Piga alama kila asubuhi. Siku yatakapoacha kushuka kwa kasi na kubaki na ule mwendo wa ndoo, tundu liko kwenye mstari huo au juu yake kidogo. Umepunguza utafutaji kutoka bwawa zima mpaka mkanda mmoja. Maji yakiwa yametulia, mwaga maziwa kidogo au rangi ya chakula karibu na mahali unashuku, polepole. Mkondo utaivuta rangi kwenye tundu mbele ya macho yako. Watoto watapenda sana.

Kuziba sasa. Laina ya plastiki ngumu nyeusi haishiki gundi ya kawaida, usidanganywe. Inataka kusafishwa, kukaushwa kabisa, kisha kiraka cha plastiki ile ile, kipite tundu kama sentimita 15 kila upande, kiunganishwe kwa hewa ya moto na fundi anayejua, au kwa utepe maalumu wa kazi hiyo. Na kabla hujaziba, ondoa kilichotoboa na ujaze udongo laini chini, kwa sababu maji yaliyovuja yameshakula majivu pale na kuacha pango.

Bwawa la udongo linataka mfinyanzi. Si kumwaga lori moja na kwenda. Ni tabaka la sentimita 15 hivi, lenye unyevu, linashindiliwa, halafu lingine. Waingereza walipochimba mifereji yao ya meli miaka ya 1700 walifanya hivyo hivyo, walikanda mfinyanzi na maji mpaka ukashika. Kuna udongo wa bentonaiti pia, unaovimba ukilowa na kuziba vitundu, lakini unagharimu, kwa hivyo jua kwanza unaziba wapi.

Solai haijasahaulika

Kuna mtu atasema, maji kidogo tu yanavuja, kwani iko nini? Mvua itajaza tena. Mwingine atasema, yakizama ardhini si yanarudi kwenye visima?

Hiyo ya pili ina ukweli na naiheshimu. Maji yaliyozama hayajaharibika, Naivasha ni mfano. Lakini wewe hukukopa pesa za chama ili kujaza kisima cha mtu usiyemjua. Ulikopa ili kuweka maji. Kama unataka kulisha ardhi, chimba mitaro ya kuzuia maji ya mteremko, ni rahisi zaidi.

Hiyo ya kwanza, hapana. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la udongo lilipasuka kule Solai, hapa hapa Nakuru, juu ya mlima, na watu wasiopungua 47 wakafa. Wengi walikuwa nyumbani mwao. Sisemi Solai ilianza na tundu dogo, hilo silisemi. Nasema baada ya Solai hakuna mtu wa Nakuru ana ruhusa ya kusema "ni maji kidogo tu" juu ya tuta la udongo lililo juu ya nyumba za watu.

Kwa hivyo ukizunguka bwawa na kuona maji yanatoka chini ya tuta, angalia rangi. Yakiwa masafi, hilo ni la kupima na kufuatilia. Yakiwa na tope, ina maana yanabeba udongo wa tuta lenyewe, tuta linaliwa kutoka ndani. Hapo hakuna ndoo tena. Waamshe majirani wa chini, watoke. Mpigie chifu. Ijulishe Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na kama bwawa si lako, ni la tajiri huko juu, piga kelele mara mbili zaidi.

Nachotaka

Matangi ya zege yanayojengwa vizuri hupimwa kabla ya kukubaliwa. Yanajazwa, yanaachwa siku kama saba zege linywe linachokunywa, halafu kiwango kinapimwa siku saba nyingine. Ikishuka kupita kiasi, mkandarasi anarudi kazini. Sasa kwa nini tangi la zege lipimwe na bwawa la mkulima lisipimwe?

Nataka kila bwawa linalojengwa kwa pesa ya umma Nakuru, Baringo, kokote, lijazwe na lipimwe kwa ndoo siku saba kabla mkandarasi hajalipwa la mwisho. Nataka kigingi chenye vipimo katikati ya kila bwawa, na daftari la shilingi 50 la kuandika namba. Nataka anayechimbua tope aambiwe kina cha kuishia. Nataka muuza laina aulizwe na kila mteja: umepima? Na wewe mwenzangu wa kamera, rudi Februari. Rekodi bwawa ulilolisifu Novemba. Kama bado lina maji, nitakusambazia video bure.

Na wewe mwenye bwawa, usingoje hao wote. Leo jioni tafuta ndoo na tofali. Piga alama mbili. Kesho jioni soma. Ukikuta jua ndilo lililokunywa, uje uniambie mbele ya watu, nitakubali. Ukikuta tofauti, usiniambie kwamba linavuja, hilo nilishakuambia. Niambie ni mitungi mingapi kwa siku, na umeitafutia wapi.